Kitoweo Hakipimwi

9 Machi
Daktari Tordesillas amenipa madaftari mawili. Moja lina vyumba vya namba: tarehe, boti, aina ya samaki, urefu. La pili ni tupu. "Hili liwe lako, Nang Nila," amesema. "Andika chochote kisichoingia kwenye vyumba." Haya. Mambo mengi hayaingii kwenye vyumba, nadhani hili litawahi kujaa.

Naanza na mimi mwenyewe. Leonila Bacalso, kwa watu wa hapa Nang Nila, yaani dada Nila, miaka arobaini na saba, mjane. Nimeuza samaki kwenye ufuko huu wa Lawis miaka ishirini na miwili, na kuanzia leo siuzi, napima. Halmashauri imeniajiri hadi mwisho wa Mei nipime samaki wanaoshushwa na maboti ya juya yanayovua Fungu la Dapdap. Juya ni wavu unaokokotwa chini kabisa, kamba zake zinafagia tope. Daktari, ambaye ametoka chuo kikuu, anasema linaharibu sakafu ya bahari na kuzoa samaki ambao hawajazaa hata mara moja. Wenye maboti wanasema huo ni uzushi wa watu waliosoma. Mwishoni mwa Mei halmashauri itaamua kama juya lipigwe marufuku kwenye Fungu au liachwe. Maboti ni saba. Moja ni la mdogo wangu Porferio, tunayemwita Perio, lenye mabaharia tisa na nyumba tisa nyuma yao.

Wamenichagua mimi kwa sababu hakuna mvuvi hapa anayeweza kunidanganya juu ya samaki. Sijisifu, wote wanajua.

10 Machi
Samaki 212. Mgongo unaniuma. Jioni wali na samaki aina ya koana wa kukaanga, kitoweo kutoka kwa Gliceria, mke wa Perio.

14 Machi
Nimeshaijua kazi. Namlaza samaki ubaoni, mdomo unagusa kizuizi, mkia unaangukia namba, nasoma kwa sauti, naandika. Maboti yanaingia saa moja asubuhi. Kwanza mabaharia wanagawa kitoweo kwa wake zao na kwa waliosaidia kuvuta kamba, halafu samaki wanaletwa mezani kwangu, halafu wachuuzi wanachukua. Mimi sichagui. Wakifika mezani napima wote, mzuri na mbaya.

Bienvenido, baharia wa Perio, amejilaza mchangani mbele ya watu. "Nang Nila, nipime na mimi."

"Wewe hujafikia kipimo," nikamwambia. "Nitakurudisha baharini ukakue."

Wamecheka mpaka wachuuzi wakasahau bei. Jioni wali, na vikoana sita vya mchuzi wa siki.

17 Machi
Samaki 190. Joto. Kitoweo tena vikoana, kumi na viwili kwenye kisahani.

22 Machi
Leo nimetoka na Daktari kwenda kupima tope. Nilidhani anatania. Ana chombo cha chuma chenye taya mbili, kinashushwa kwa kamba, kinauma sakafu ya bahari na kupanda na mdomo uliojaa. Tope linamwagwa kwenye chungio, tunalimwagia maji, kinachobaki tunakihesabu: minyoo, kome, viti vya pweza vidogo kama kucha.

"Nimepasua matumbo ya samaki miaka ishirini na miwili," nikamwambia, "hakuna aliyenilipa kuhesabu minyoo."

"Hukuwahi kujiuliza samaki wanakula nini?"

"Najua wanakula nini. Ndiyo hiyo ninayotupa."

Tumeanzia kwenye hifadhi ndogo iliyo mbele ya rasi, ambako juya haliruhusiwi. Kila mdomo mmoja wa tope ulikuwa na viumbe sitini, sabini. Halafu tukaenda Fungu la Dapdap. Tisa. Saba. Kumi na moja. Maganda ya kome yaliyovunjika, na tope laini lisilo na harufu ya kitu. Nilimwambia ni kimbunga cha mwaka juzi. Daktari alisema kimbunga kilipita hifadhini vilevile. Niliendelea kuosha chungio.

Ana miaka thelathini na mmoja, huyu Daktari, na anavaa kofia ya watoto wa shule. Lakini anashika kamba vizuri.

Ijumaa Kuu
Hakuna boti lililotoka. Tumekula uji wa mchele wenye nazi na ndizi. Perio amebeba msalaba kwenye maandamano, jasho linamtiririka, mabaharia wake wote nyuma yake. Nilimtazama nikaona fahari. Nilimlea mimi, tangu mama alipofariki, Perio akiwa na miaka minane.

11 Aprili
Leo nimesoma taarifa ya katikati ya msimu mbele ya halmashauri. Nilivaa blauzi ya harusi ya mpwa wangu. Samaki elfu nne mia tatu themanini na sita, wote wamepita chini ya mikono hii. Koana wa Fungu la Dapdap kwa wastani ni sentimita kumi na tisa. Koana huanza kuzaa akifika kumi na tano. Kati ya kila kumi niliowapima, tisa walikuwa wamefika. Meya aliniuliza kama nina hakika. Nikamwambia, "Mheshimiwa, mimi hata kijiko changu cha chumvi hakizidi wala hakipungui."

Wakapiga makofi. Nje Perio alinikumbatia mbele za watu, jambo ambalo halifanyi hata siku ya kuzaliwa kwangu. "Umetuokoa, dada," akasema. Alileta tuba, pombe ya mnazi, ile nyekundu, na mabaharia wakaniimbia.

Daktari hakunywa. Alikaa na karatasi zake za tope. "Namba zako ni nzuri sana, Nang Nila," akasema.

"Ndiyo. Tatizo nini?"

"Hakuna. Ni nzuri sana."

Nikamwona ana wivu.

15 Aprili
Samaki 240. Gliceria ameleta kitoweo, vikoana na visamaki vya fedha vyenye utelezi. Miiba mitupu. Nimewakaanga wakauke ili niwale na miiba yao.

19 Aprili
Samaki 233. Vidogo tena. Nimempa paka nusu.

26 Aprili
Siku mbaya. Daktari ameleta kamera iliyofungwa kwenye fremu ya chuma, inakokotwa taratibu juu ya sakafu ya bahari na sisi tunatazama kwenye kioo ndani ya boti. Hifadhini kulikuwa na vitu vimesimama: manyoya ya bahari, wale viumbe laini wenye umbo la unyoya, sifongo, koana wakitoka na kuingia. Nilifurahi, sitaficha. Kisha Fungu. Matuta na mifereji, matuta na mifereji, sawasawa, dakika arobaini. Shamba lililolimwa na halijapandwa. Samaki mmoja alipita akiwa na haraka.

Daktari akazima kioo. "Nang Nila, sakafu inasema samaki hawana pa kula wala pa kujificha. Ubao wako unasema wapo wakubwa wazima. Kimojawapo kinadanganya."

"Ubao wangu haudanganyi."

"Sijasema wewe."

"Umesema ubao. Ubao ni mimi."

Tukarudi ufukweni. Alinipa mkono wa kunisaidia kushuka, sikuupokea. Kwamba mtu aniambie nimekosea juu ya samaki, kwenye ufuko wangu mwenyewe. Nimevunja sahani wakati wa kuosha vyombo, na si kwa bahati mbaya.

29 Aprili
Lazima niandike polepole.

Leo adhuhuri nilirudi na ubao nyumbani kuusugua, una magamba. Nilikuwa nimeuegemeza karibu na sinki. Gliceria alikuwa ameacha bakuli la kitoweo chini ya kawa. Nikaanza kuparua samaki kwa ajili ya chakula, na mkono, kwa mazoea tu, ukamchukua wa kwanza ukamlaza ubaoni. Nikasoma kwa sauti jikoni peke yangu: "Tisa."

Nikacheka. Nikamlaza wa pili. Kumi. Wa tatu tisa na nusu. Wa nne kumi na moja. Nilipofika wa kumi na nne nilikuwa sicheki tena. Hakuna hata mmoja aliyefika kumi na tano.

Nikakaa kwenye kigoda na kisu mkononi. Nikafungua daftari hili. Kitoweo, vikoana sita. Vikoana kumi na viwili. Vidogo tena. Nusu nimempa paka. Nimekula samaki hawa wiki saba, nikalalamikia miiba yao, na hakuna hata mmoja aliyeingia kwenye daftari la Daktari.

Karatasi yake inasema, "Pima samaki wote wanaoshushwa." Ningeapa juu ya kaburi la mama kwamba nimepima wote. Lakini kitoweo kwetu si samaki walioshushwa. Kitoweo ni chakula. Hakiuzwi, hakihesabiwi, hakipimwi. Ukikipima wewe ni mchoyo, na boti litapata mkosi. Nimejua hivyo tangu sijaota meno. Mabeseni yamepita mbele ya pua yangu kila asubuhi, mimi nimesimama na ubao, wala sikuyaona.

30 Aprili
Zamani, nilipoanza kuuza, kitoweo kilikuwa sahani moja kwa kila baharia. Leo nimesimama kando nikahesabu mabeseni. Perio alileta mezani ndoo nne. Zilizokwenda na wanawake zilikuwa ndoo tano. Samaki wadogo hawana mnunuzi, basi wakawa kitoweo. Kisichokwisha kuliwa kinakaushwa juani, au kinatiwa chumvi kwenye mitungi kuwa ginamos. Nyuma ya nyumba ya Gliceria kuna mitungi ishirini na mitatu. Nilikuwa naiona kama maua.

Naweza kunyamaza. Taarifa imeshasomwa, makofi yameshapigwa. Nikisema, ninamvua nguo ndugu yangu mbele ya mji mzima, na zile nyumba tisa pamoja naye. Nimewaza hilo tangu asubuhi, na linanichoma kweli.

Lakini nimesema uongo mbele ya Meya kwa sauti kubwa, na blauzi nzuri. Sijawahi kukosea samaki maishani. Siwezi kuliacha kosa hili likae pale lina jina langu.

2 Mei
Nimeanza. Kila boti likiingia, nafuata mabeseni mpaka majikoni, na ubao kwapani.

Nyumba ya kwanza walidhani nimekuja kuazima chumvi. Ya pili mama mkwe wa Bienvenido alifunika sufuria kwa mwili wake. "Nang Nila, wewe ulilelewa wapi? Unapima mchuzi wa watu?"

"Mchuzi uache. Nataka kilichomo kabla hakijaiva."

"Na ukimaliza utapima matumbo yetu?"

"Lako halihitaji ubao."

Alicheka bila kupenda, akaniachia. Nimepima mia moja na kumi. Jioni wamenitungia jina. Wananiita Bi Mchuzi.

3 Mei
Samaki wa mezani 205, wa majikoni 388.

5 Mei
Nyumba tatu zimenifungia mlango. Nimerudi na kugonga tena. Mara ya pili mlango hufunguka, watu hawapendi kelele.

6 Mei
Gliceria hakuleta kitoweo. Nimekula yai.

9 Mei
Perio amekuja mwenyewe, saa nne asubuhi, hakukaa. Leo boti lake limepata ndoo mbili tu.

"Umefurahi?" akaniuliza. "Umepima kitoweo, umetuletea mkosi."

"Boti lako limepata ndoo mbili kwa sababu chini kuna ndoo mbili. Nimeiona sakafu, Perio. Hakuna kitu."

"Wewe ndiye uliyesimama ukasema samaki wapo."

"Nilikosea."

Akanitazama kana kwamba nimesema neno la matusi. Tangu ana miaka minane hajawahi kunisikia nikilisema hilo. "Bienvenido ana mtoto wa wiki mbili," akasema polepole. "Ukisoma hizo namba za majikoni, utamwambia nini?"

"Nitamwambia mwanawe atataka kitoweo na yeye, miaka ishirini ijayo."

"Maneno mazuri. Usije nyumbani kwangu."

Akaondoka. Nililia mpaka kope zikavimba, naandika bila aibu. Halafu nikachukua ubao, kulikuwa na boti moja lililochelewa linaingia.

14 Mei
Mvua ya kwanza. Karatasi zimelowa, nimezianika juu ya kitanda.

20 Mei
Nimemaliza kujumlisha, nikampelekea Daktari. Ukichanganya meza na majiko, kati ya koana kumi wa Fungu la Dapdap, saba hawajazaa hata mara moja. Wastani si kumi na tisa. Ni kumi na mbili.

Alisoma mara mbili, akavua ile kofia. "Fomu niliandika mimi. Sikuwahi kuuliza samaki wanapita wapi kabla ya meza yako."

"Ungeniuliza nisingekuelewa. Ningekuambia wanapita mikononi mwangu wote."

Akasema atasahihisha yeye kwenye taarifa ya mwisho, kwa jina lake, mimi nisisimame. Mfikirie mdogo wako, akasema. Nikaona ni mtu mwema, na kwamba nimemwonea tangu Aprili. Nikamwambia nilisimama mwenyewe nilipokosea, kwa hiyo nitasimama mwenyewe kusahihisha. Tukala ndizi za kukaanga kibarazani, mvua ikinyesha. Nimemwomba radhi kwa ule mkono niliokataa.

28 Mei
Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Mabaharia wa maboti yote saba walikaa upande mmoja, Perio mbele, mikono kifuani. Sikuvaa blauzi ya harusi.

Daktari alionyesha picha za sakafu na hesabu za tope. Walinung'unika, walicheka minyoo ilipotajwa. Kisha nikaitwa.

Nikasema, "Aprili niliwaambia kati ya koana kumi, tisa wamefika. Si kweli. Nilipima meza, sikupima kitoweo. Kosa ni langu, si la Daktari. Na nyie wote mlijua kitoweo kiko wapi, lakini hatukuwa tunadanganyana. Hatukukiona tu. Tumezoea kutokihesabu." Nikasoma namba mpya. 

Kelele. Mmoja wa wenye maboti, jina lake naliacha, alisimama. "Mheshimiwa Meya, tufunge kazi za watu sabini kwa sababu ya namba za masufuria? Nani alimwona akipima? Huyu mwezi uliopita alisema hivi, leo anasema vile."

Meya akanitazama. "Ana hoja, Nang Nila. Neno lako la Aprili na neno lako la leo. Nichukue lipi?"

Nikafungua daftari, nikalifunga tena.  Namba zangu zilikuwa na shahidi mmoja tu, naye ni mimi niliyekosea.

Basi Perio akasimama. Nikajua sasa ananizika. 

"Chukua la leo," akasema.

Mabaharia wake wakageuka. Yeye hakuwatazama.

"Kitoweo cha boti langu kimezidi samaki wa kuuza, mwaka wa tatu huu. Mimi najua. Mke wangu anajua, mitungi iko nyuma ya nyumba. Nikiacha juya peke yangu, wenzangu sita watazoa wanachozoa na mimi nitalala njaa. Kwa hiyo sikuacha. Mkitupiga marufuku sote siku moja, mimi sitabisha." Akakaa. Kisha akasimama tena. "Na dada yangu hasemi uongo. Ni mkali tu."

Kura sita kwa mbili. Juya limefungwa kwenye Fungu la Dapdap kuanzia mwezi ujao, kwa miaka mitano.

Tulitoka nje. Perio alipita akanigusa begani, akaenda kwa mabaharia wake, na mmoja wao akamtemea mate miguuni. Perio hakufuta.

29 Mei
Sikupima chochote. Mvua.

4 Juni
Mabaharia watano wameondoka, wawili wamekwenda Cebu kujenga, watatu kwenye maboti ya mbali. Bienvenido amebaki na wengine watatu, wanajifunza ndoano upya. Nimempelekea mtoto wake nepi, mama mkwe alizipokea bila kunitukana. Ni mwanzo.

Leo Daktari alihitaji mtu wa kumwonyesha juya limepita wapi hasa kwenye Fungu, ili ajue pa kupima kila mwaka. Wenye maboti sita walikataa. Perio alikuja, akaketi mezani kwangu, akapewa ramani kubwa na penseli.

Alianza kuchora mistari, akiutaja kila mmoja. Huu ni mwaka niliooa. Huu ni mwaka tuliobadilisha injini. Hapa tulipata ndoo arobaini siku moja, unakumbuka, dada, tulichinja nguruwe. Mstari juu ya mstari, saa nzima, na anazochora ni njia zake yeye tu, hakugusa za wengine. Chai ilipoa. Daktari aliichonga penseli mara tatu.

Perio akaweka penseli chini. Fungu zima lilikuwa jeusi. Aliinua ramani akaiweka mbali na macho, kisha karibu.

"Ni mimi huyo," akasema.

Nikasogeza kiti karibu naye. Nikamshika kisogo, kama nilivyokuwa nikifanya akiwa mdogo.  Kisha akaweka kidole kwenye kona ya kaskazini, palipobaki peupe pa ukubwa wa ukucha.

"Hapa hatukupita. Hakuna anayepita. Kuna jiwe, lilinichania nyavu mbili." Akamsogezea Daktari ramani. "Anzieni hapo."

6 Juni
Bahari imetulia, tumetoka wanne: Daktari, mimi, Bienvenido, na Perio kwenye usukani. Alilipata jiwe bila chombo chochote, kwa kupanga kilele cha kisiwa na mnara wa kanisa katika mstari mmoja. Kamera ikashuka.

Kwanza tope na mifereji, ile ile. Kisha mifereji ikakoma. Manyoya ya bahari yalisimama, mengi, yakiinama upande mmoja na mkondo. Sifongo. Viti vya pweza. Na koana, wadogo na wakubwa pamoja, wakizunguka jiwe bila haraka. Daktari alianza kuhesabu, akapotea, akaanza upya.

Perio alimwachia Bienvenido usukani, akaja akapenyeza kichwa katikati yetu. 

"Nimelitukana jiwe hili miaka kumi na mmoja," akasema. Kisha akamgeukia Daktari. "Itachukua muda gani hawa kusambaa mpaka wafike Fungu zima?"

"Sijui," Daktari akasema. "Hakuna aliyewahi kupima."

Perio akatikisa kichwa, akahesabu kitu kwa vidole, nadhani umri atakaokuwa nao marufuku ikiisha.

"Andika tarehe ya leo, dada," akasema. "Tuanze."